King'ora usiku wa manane: kinachoumiza na kinachookoa

Wiki tatu zilizopita alikuja kliniki mama mmoja mkazi wa Kamunyonge, hapa Musoma, akiwa na mtoto wake wa kiume wa miaka minne. Mtoto hakuwa na homa, hakuharisha, wala hakukohoa. Uzito wake ulikuwa mzuri. Nilipomuuliza mama shida ni nini, alisita kidogo kama mtu anayeona aibu kupoteza muda wa daktari.

"Daktari, mwanangu akisikia king'ora anaziba masikio na kukimbilia uvunguni mwa kitanda. Usiku anashtuka analia. Na sasa ameanza tena kukojoa kitandani, wakati alishaacha."

Nikamuuliza king'ora cha nini. Akasema wanaishi kando ya barabara. Mara linapita gari la wagonjwa, mara moja moja gari la zimamoto. "Lakini vingi si vya hao, daktari. Ni pikipiki. Vijana wamefunga honi zinazolia kama polisi. Na magari ya harusi siku za Jumamosi."

Siku hiyohiyo, saa mbili baadaye, aliketi mbele yangu mzee mmoja ninayemtibu shinikizo la damu kwa miaka sita sasa. Vipimo vyake vya asubuhi vilikuwa juu kuliko kawaida. Akaniambia, "Binti yangu, ama dawa zako zimechoka, ama ni haya makelele. Nikishashtuliwa saa nane usiku, silali tena mpaka jogoo awike."

Wagonjwa wawili, malalamiko mamoja. Nikaona niandike, kwa sababu king'ora si kelele kama kelele nyingine. Muziki wa baa tunaweza kusema uzimwe, na hakuna atakayekufa. King'ora cha kweli kikizimwa, anaweza kufa mtu. Kwa hiyo mzazi au mgonjwa anayelalamikia ving'ora anajiona kama mtu mbinafsi. Si mbinafsi. Ana hoja, na leo tuitazame hoja hiyo kitabibu.

Sauti ina nguvu kiasi gani?

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mnong'ono ni kama desibeli 30. Mazungumzo ya kawaida sebuleni ni kama 60. King'ora cha gari la dharura, ukisimama mita tatu mbele yake, hufikia kama desibeli 120.

Kipimo hiki hakiendi kama kilo za sukari. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, nishati ya sauti huongezeka mara 10, na sikio huisikia kama imekuwa kubwa maradufu. Habari njema ni kwamba sauti hupungua kwa umbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, hupungua desibeli 6 hivi. Kinacholia 120 ukiwa mita tatu, kitakuwa kama 114 ukiwa mita sita, kama 102 ukiwa mita 24, na kama 90 ukikaribia mita 100.

Sasa fikiria nyumba zetu. Musoma ni joto, madirisha yanalala wazi, yamebaki na nyavu tu za kuzuia mbu. Dirisha lililo wazi hupunguza kama desibeli 15. Kwa hiyo king'ora kinachopita mita 50 kutoka kitandani mwa mtoto, kikiwa na desibeli 96 nje, kinaingia ndani kikiwa na kama 80. Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza tangu mwaka 1999 kwamba sauti moja moja chumbani usiku isizidi desibeli 45, ili mtu alale vizuri.

Hapa nchini tunazo Kanuni za Usimamizi wa Mazingira kuhusu kelele na mitetemo za mwaka 2015. Kwa nyumba za makazi kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku unahesabiwa kuanzia saa nne. Magari ya dharura yana ruhusa ya kisheria ya kutumia king'ora, na ni haki yawe nayo. Pikipiki ya abiria na gari la bwana harusi havina ruhusa hiyo.

Je, mtoto atakuwa kiziwi?

Hili ndilo swali la kwanza la wazazi. Jibu la ukweli: king'ora kinachopita barabarani kwa nusu dakika, wewe ukiwa ndani ya nyumba, hakimfanyi mtoto kiziwi.

Kinachoharibu sikio ni ukubwa wa sauti ukichanganywa na muda. Wataalamu wa afya kazini wanakubali mtu akae kwenye desibeli 85 kwa saa nane kwa siku. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100, muda salama ni dakika 15 tu. Kwenye 112, haufiki hata dakika moja.

Kwa hiyo walio hatarini ni wengine. Ni dereva na wahudumu wa gari la wagonjwa wanaosafiri na sauti hiyo kila siku vioo vikiwa wazi. Ni askari wa zimamoto. Ni yule kijana wa bodaboda aliyefunga honi ya king'ora chini ya usukani, nusu mita kutoka masikioni mwake, na kumpakia mtoto wa shule mbele yake kwenye tangi. Ni watoto wanaokimbilia gari lililosimama likilia, wakalizunguka kulishangaa.

Ndani ya sikio kuna chembechembe zenye vinyweleo vidogo sana, kama 15,000 hivi kila upande, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Tunazaliwa nazo. Zikifa haziotI upya kama nywele au kucha. Sikio lina msuli mdogo unaojaribu kukinga sauti kubwa, lakini msuli huo huchelewa kidogo, na sauti ya ghafla hupenya kabla haujakaza.

Kuna kundi jingine ninaloliomba liwe makini: wagonjwa waliochomwa sindano za gentamaisini au waliotibiwa kwa kwinini. Dawa hizi huokoa maisha, lakini zinaweza kuathiri masikio, na gentamaisini ikikutana na kelele kubwa madhara huzidi. Ukiwa unatumia dawa hizo na masikio yanapiga kengele, mwambie daktari wako siku hiyohiyo. Usisubiri umalize dozi.

Moyo hauzoei

Watu wengi huniambia, "Daktari, sisi tumeshazoea." Kweli, akili huzoea. Ukihamia kando ya barabara, baada ya mwezi huamki tena kila gari linapopita. Lakini wachunguzi waliowafunga watu vipimo usingizini waliona jambo la kushangaza: mtu haamki, asubuhi hakumbuki kitu, ila mapigo ya moyo yaliruka kila kelele ilipopita. Moyo haukuzoea.

Sababu ni kwamba sikio halina kope. Jicho hufungwa, sikio halifungwi. Usiku kucha linalinda zamu. Sauti ya ghafla ikiingia, mwili unatoa homoni za hatari, mishipa inabana, shinikizo linapanda. Kwa mtu mwenye afya hali hiyo hupita. Kwa mtu mwenye shinikizo la damu, usiku ndio wakati ambao mishipa ilitakiwa ipumzike na vipimo vishuke. Usiku usiotulia huacha alama kwenye vipimo vya asubuhi.

Hata walio zoefu wa king'ora hawasalimiki. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2007 uliangalia vifo vya askari wa zimamoto vilivyotokana na moyo. Ulionyesha kwamba hatari ya kufa ghafla ilipanda sana wakati wa kuzima moto, na ilipanda mara kadhaa hata wakati wa kuitikia wito tu, kabla hawajauona moto wenyewe.

Kwa hiyo yule mzee wangu hakuwa anatafuta kisingizio. Lakini pia hakuwa sahihi kwamba dawa zimechoka. Nilimwambia apime shinikizo nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki mbili na kuandika, ahamishie kitanda chumba cha nyuma, na asikatize dawa hata siku moja. Vipimo vilishuka. Havikushuka kabisa, ila vilitosha tusimwongezee kidonge.

Mtoto na masomo

Watoto wana mzigo wao. Mwaka 1992 mji wa Munich, Ujerumani, ulifunga uwanja wake wa zamani wa ndege na kufungua mwingine mbali. Watafiti walitumia nafasi hiyo kuwafuatilia watoto wa shule wa pande zote mbili. Waliokaa karibu na uwanja mpya walianza kushuka katika kusoma na kukumbuka mambo. Waliobaki karibu na uwanja uliofungwa, ambako sasa kulitulia, walipanda. Hilo la pili ndilo linalonipa moyo. Madhara ya kelele kwa masomo ya mtoto yanaweza kurudi nyuma kelele ikiondoka.

King'ora si ndege, hakipiti kila dakika chache. Lakini mtoto ambaye usingizi wake unakatwa mara mbili au tatu kwa usiku, wiki nzima, utamwona darasani. Anasinzia, ana hasira, hashiki anachofundishwa. Wazazi huja wakidhani ana minyoo au amerogwa. Mwulize kwanza analala wapi na analala vipi.

Kwa yule wa miaka minne, mama hakuhitaji dawa. Umri huo mtoto haelewi sauti inatoka wapi wala inamtafuta nani. Nilimwomba mama afanye jambo jepesi: siku ambayo gari la wagonjwa limesimama kimya, ampeleke alione, aambiwe, "Humu anapanda mtu anayeumwa. Linapiga kelele ili wengine wampishe." Kisha wacheze nyumbani, mtoto awe dereva na mama awe mgonjwa. Kitu ambacho mtoto amekicheza hakimtishi sana. Ila mtoto anayeziba masikio kwa sauti nyingi za kawaida, haangalii watu usoni, na amechelewa kuongea, huyo aletwe hospitali apimwe usonji. Hilo ni suala tofauti, na kuwahi kunasaidia.

King'ora kisipoaminiwa

Sasa niwaeleze kwa nini kelele hii inanihusu zaidi ya usingizi.

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali nyingine na mji mwingine, nikiwa zamu ya usiku, tuliletewa mama aliyejifungua kituo cha afya na kuendelea kutokwa na damu. Kila daktari anajua hesabu ya mgonjwa huyu. Mwanamke mwenye afya anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Dereva wa gari la wagonjwa aliingia akitetemeka. Alikuwa amekwama katikati ya mji, king'ora kinalia, pikipiki na daladala zimeziba njia. "Siku hizi hawapishi, daktari. Wanajua ni harusi."

Yule mama tulimwokoa, lakini tulilazimika kumtoa kizazi. Alikuwa na miaka 23. Sisemi zile dakika za barabarani peke yake ndizo zilizomfikisha pale. Mambo mengi huchelewesha. Lakini maneno ya dereva sijayasahau. Wanajua ni harusi.

Hapa ndipo ninapokifananisha king'ora na dawa kali. Dawa kali ina faida na ina madhara. Tunakubali madhara kwa sababu faida ni kubwa, na tunampa anayeihitaji, kwa kipimo chake, kwa wakati wake. Antibaiotiki ikitolewa kwa kila mafua, vijidudu huizoea, na siku mtu ana nimonia ya kweli dawa haifanyi kazi. King'ora kikilia kwa kila bwana harusi, kila ushindi wa mpira na kila kijana anayetaka kupita foleni, masikio ya mji mzima huwa sugu. Siku nyumba inaungua, hakuna anayegeuka.

Na nyumba huungua. Sote tunakumbuka soko la Kariakoo Julai 2021. Tunakumbuka Septemba 2020, wanafunzi 10 walipopoteza maisha bwenini katika Shule ya Msingi Byamungu, Kyerwa, mkoani Kagera, usiku watoto wakiwa wamelala.

Wenzetu wanafanyaje

Kwa wenzetu Marekani na Ujerumani, askari wengi wa zimamoto si waajiriwa. Ni watu wa kujitolea: fundi, mwalimu, mkulima. Kwa kuwa hawakai kituoni, miji mingi midogo iliweka king'ora kikubwa juu ya paa la kituo, katikati ya makazi, ili kikilia kila mmoja aache jembe akimbie. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Aliyenunua nyumba jirani analalamika mtoto wake hulia kila usiku. Jirani mwingine anamjibu kwamba king'ora hicho ndicho kilichookoa nyumba ya mama yake.

Suluhisho walilolifikia baadhi yao si kukiondoa. Wengine hutumia king'ora mchana, na usiku huwaita wazimamoto kwa simu au kifaa cha mfukoni. Na majaribio hufanywa kwa saa inayojulikana na kila mtu. Austria ving'ora hujaribiwa Jumamosi saa sita mchana. Ufaransa ni Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, nako saa sita mchana. Mtoto hukua akijua: kikilia saa ile, ni jaribio; kikilia saa nyingine, amka.

Sisi huku Kanda ya Ziwa tulikuwa na wazimamoto wa kujitolea kabla ya ving'ora. Ni majirani. King'ora chao kilikuwa yowe, ambalo Wasukuma huliita mwano. Na yowe lilikuwa na adabu yake. Hakuna aliyepiga yowe kwa mchezo. Mtoto aliyepiga yowe la uongo alichapwa, kwa sababu kila mtu alielewa kwamba yowe likidharauliwa, kijiji kimebaki bila ulinzi. Adabu hiyo ndiyo inayohitaji kurudi kwenye ving'ora.

Tufanye nini

Kwa mzazi aliye barabarani na mtoto king'ora kinapokuja: mwondoe kando, mgeuzie mgongo barabara, mzibe masikio kwa viganja vyako. Viganja vilivyobana vizuri hupunguza sauti kwa kiasi kikubwa. Pamba haisaidii sana, na kwa mtoto mdogo vitu vya kuchomeka masikioni ni hatari, anaweza kuvitoa na kuvimeza. Mtoto asipakiwe mbele kwenye pikipiki, king'ora kiwepo au kisiwepo.

Nyumbani: kitanda cha mtoto mchanga, cha mzee na cha mgonjwa wa moyo kiwe upande ulio mbali na barabara. Kabati la nguo likiwekwa kwenye ukuta wa upande wa barabara husaidia kidogo. Pazia peke yake hupunguza kidogo sana.

Nenda hospitali kama masikio yanapiga kengele zaidi ya siku moja baada ya sauti kubwa. Na kama sikio moja limeacha kusikia ghafla, nenda siku hiyohiyo. Hiyo ni dharura. Dawa ipo, na hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya siku chache. Usimwage mafuta ya moto wala vitunguu sikioni.

Kwa madereva wa magari ya dharura, nasema kwa heshima kwa sababu ninategemea kazi yenu: tafiti za Marekani zinaonyesha king'ora huokoa dakika chache tu za safari, mara nyingi chini ya nne. Kwa mama anayevuja damu, dakika hizo ni uhai. Kwa mgonjwa anayerudishwa nyumbani, hazina kazi. Saa nane usiku, barabara ikiwa tupu, taa za kumulika zinaweza kutosha mpaka njia panda. Na fungeni vioo, mlinde masikio yenu.

Kwa wenye pikipiki na magari ya harusi: ng'oeni. Sheria ya Usalama Barabarani haiwaruhusu, na mnaemnyima njia anaweza kuwa mke wako.

Kwa sisi wakazi: kero ya kudumu ipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa mazingira wa manispaa, na ya pikipiki ipelekwe polisi wa usalama barabarani. Andikeni siku na saa. Malalamiko yenye tarehe hufanyiwa kazi haraka kuliko ya "kila siku". Na tusikatae kituo cha zimamoto au cha afya kujengwa jirani kwa kuogopa kelele. Tudai geti lake lifungukie barabara kuu, na king'ora kianze kulia pale panapohitaji kupishwa.

Hifadhini namba hizi: 114 ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. 115 ni ya usafiri wa dharura wa mjamzito, mzazi na mtoto mchanga, kupitia m-mama. Zote hazitozi fedha, na hazichezewi. Simu ya mzaha kwa 114 ni yowe la uongo.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa

Yule mama wa Kamunyonge aliniuliza swali wakati anaondoka. "Lakini daktari, huyu anayeshtuka kwa king'ora cha barabarani, mbona dada yake wa miaka tisa haamki hata nyumba ikianguka?"

Ni swali zuri. Watoto wa shule hulala usingizi mzito kuliko watu wazima, hasa saa za mwanzo za usiku. Mwaka 2006 watafiti wa hospitali ya watoto huko Ohio, Marekani, walichukua watoto 24 wa miaka sita hadi 12 na kujaribu kuwaamsha kutoka usingizi mzito kwa njia mbili: mlio wa kawaida wa king'ora cha moshi, na sauti ya mama iliyorekodiwa ikimwita mtoto. Mlio uliamsha watoto 14. Sauti ya mama iliamsha 23. Kwa sauti ya mama, nusu ya watoto walikuwa wameamka ndani ya sekunde 20. Kwa mlio, ilichukua dakika tatu. Kwenye moshi, dakika tatu ni nyingi mno.

Kwa hiyo usiutegemee mlio wowote kumwamsha mwanao. King'ora kinakuamsha wewe. Kazi ya kumwamsha mtoto ni yako. Usiku wa leo, kabla hawajalala, fanyeni zoezi dogo nyumbani: kila mmoja aonyeshe mlango atakaotokea, funguo ya geti ining'inie mahali pamoja panapojulikana hata gizani, na mkubane mahali pa kukutania nje, labda chini ya mwembe. Mtoto mdogo apangiwe mtu mzima wa kumbeba. Ikitokea hatari, usipige kelele tu za "moto, moto". Ingia, mwite kwa jina lake, mshike mkono.

Yule mama alilifanya zoezi hilo. Aliporudi wiki iliyopita kwa ajili ya mtoto, aliniambia yule wa miaka tisa aliamka mara ya pili alipoitwa jina. Na mdogo wake hajakojoa kitandani kwa siku tano. King'ora cha gari la wagonjwa kilipita Jumatatu usiku. Akaketi kitandani, akamuuliza mama yake, "Anaumwa nani?"

Tukutane wiki ijayo.